Riyadh 2030: Mwenye banda ni serikali, mfanyabiashara apitie wapi?

Novemba 28, 2023, wajumbe wa nchi wanachama wa Ofisi ya Kimataifa ya Maonyesho, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kifaransa BIE, walipiga kura ya siri jijini Paris kuchagua mji utakaoandaa Maonyesho ya Dunia ya mwaka 2030. Riyadh ya Saudi Arabia ilipata kura 119, Busan ya Korea Kusini 29 na Roma ya Italia 17. Kura zilizopigwa zilikuwa 165, na kwa kuwa mgombea anayepata theluthi mbili katika raundi ya kwanza hutangazwa mshindi papo hapo, kazi iliishia hapo.

Siku 18 kabla ya kura hiyo, viongozi wa nchi nyingi za Afrika walikuwa Riyadh kwenye mkutano wa kwanza wa kilele kati ya Saudi Arabia na Afrika. Ajenda ya mkutano ilikuwa pana, na hakuna karatasi iliyosema kwamba umeitishwa kwa ajili ya kura. Hata hivyo, wafuatiliaji wa mambo hawakuhitaji kuambiwa. Katika Baraza Kuu la BIE kila nchi ina kura moja tu, na kura ya Burundi ina uzito ule ule wa kura ya Ujerumani. Afrika ikiwa na nchi zaidi ya 50, hakuna anayetaka uenyeji akathubutu kuipita bila kuisalimu.

Kura imekwisha. Kinachobaki kwa wafanyabiashara wa ukanda huu, ambao wengi wao wanazijua njia za Deira kuliko za makao makuu ya nchi zao, ni swali la kawaida kabisa: mtu mwenye kahawa, viungo, vikapu au vinyago ataingiaje Riyadh kuanzia Oktoba 1, 2030 maonyesho yatakapofunguliwa, na atauza nini hadi yatakapofungwa Machi 31, 2031?

Jibu halipo Riyadh. Limo katika mkataba uliotiwa saini Paris Novemba 22, 1928, ambao wafanyabiashara wachache wamewahi kuusikia. Na jibu lenyewe linaweza kumshangaza aliyezoea Sabasaba.

Sabasaba na Expo

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi kati ya Julai, viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, hufurika watu kwa Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara, maarufu kama Sabasaba. Kampala nao wana yao pale Lugogo, na Nairobi wana ya kwao. Wajasiriamali wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana maonyesho ya Juakali/Nguvukazi yanayozunguka nchi wanachama tangu mwaka 1999. Huko kote utaratibu unafanana. Mfanyabiashara analipia nafasi, anapanga bidhaa, anauza, anapata anwani za wateja, anafunga mizigo. Serikali ipo, lakini mwenye kibanda ni yeye.

Mkataba wa 1928 haugusi hata moja kati ya hayo. Unaeleza wazi mambo usiyoyahusu: maonyesho ya chini ya wiki tatu, maonyesho ya sanaa, na maonyesho ambayo kwa asili yake ni ya biashara. Sabasaba inatoka nje ya mlango huo kwa sababu mbili kwa mpigo, maana ni fupi na ni ya biashara. Hata Maonyesho ya Biashara Baina ya Nchi za Afrika, yaliyofanyika Algiers Septemba 2025, hayamo.

Kinachobaki ndani ya mkataba ni maonyesho ambayo lengo lake kuu, hata yakiitwa kwa jina gani, ni kuelimisha umma. Hilo ndilo neno lililotumika. Nchi zinaonyesha namna binadamu anavyokidhi mahitaji yake, hatua alizopiga, au anakotarajia kwenda. Mwalikwaji ni serikali, na anayealika ni serikali nyenzake kwa njia ya kibalozi. Kampuni, chama cha wafanyabiashara au mtu binafsi huingia kwa nyuma ya mgongo wa serikali yake, au hushughulika na mwandaaji kwa utaratibu mwingine wa kibiashara ulio nje ya mabanda ya mataifa.

Ikumbukwe kwamba mkataba haukuandikwa kwa ajili ya kuwabana wafanyabiashara. Uliandikwa kwa sababu serikali zilikuwa zimechoka. Baada ya London kufanya maonyesho makubwa mwaka 1851 na kuvuta wageni zaidi ya milioni sita, kila mji wenye jina ulitaka ya kwake. Paris peke yake iliyafanya mara kadhaa kabla ya karne kuisha. Mialiko ilimiminika, gharama zikapanda, na nchi iliyokataa ilionekana imemtukana mwenyeji. Mkataba wa kwanza ulisainiwa Berlin mwaka 1912 lakini Vita Kuu ya Kwanza ikauzika kabla haujaanza kazi. Ule wa Paris ulisainiwa na nchi 31 na kuanza kutumika Januari 1931. Umefanyiwa marekebisho mara kadhaa, makubwa yakiwa ya mwaka 1972 na ya 1988.

Aina mbili, mifuko miwili tofauti

Kwa utaratibu wa sasa yapo maonyesho makubwa ya aina mbili, na tofauti yake ni ya fedha.

Ya kwanza ni yale yanayosajiliwa, ambayo ndiyo watu huyaita Maonyesho ya Dunia. Hayapungui wiki sita wala hayazidi miezi sita, na kati ya moja na jingine lazima ipite miaka mitano. Shanghai 2010, Milan 2015, Dubai ambayo ilipangwa 2020 ikasogezwa hadi Oktoba 2021 kwa sababu ya korona, Osaka 2025, na sasa Riyadh. Humo nchi inaweza kupewa kiwanja na kujenga banda lake yenyewe, kwa fedha zake. Ndipo yanapoonekana majengo ya ajabu yanayopigwa picha, na ndipo nchi ndogo zinapopata jasho.

Ya pili ni yale yanayotambuliwa. Haya huchukua kati ya wiki tatu na miezi mitatu, hufanyika mara moja tu katikati ya mawili makubwa, lazima yawe na mada maalumu, na eneo lake lote halizidi hekta 25. Jambo lenye maana kwa nchi zetu ni kwamba mwenyeji ndiye analazimika kujenga majengo na kuyagawa kwa nchi shiriki bila kodi ya pango, zikilipia huduma tu kama vile umeme na maji. Tena nchi kubwa haiwezi kununua ukuu, kwa kuwa nafasi ya nchi moja haizidi mita za mraba 1,000.

Kundi hilo la pili ndilo la Belgrade, Serbia, ambako ratiba ni Mei 15 hadi Agosti 15, 2027, na mada ni michezo na muziki. Serbia ilipata uenyeji huo Juni 2023 baada ya kuishinda Malaga ya Hispania kwa kura 81 dhidi ya 70 katika raundi ya mwisho, Marekani ikiwa imetolewa kabla ya hapo na jimbo lake la Minnesota. Kwa nchi zilizojaza wanariadha na wapiga ngoma kama hizi za Afrika Mashariki, ni vigumu kupata mada nyingine ya kimataifa inayofaa zaidi. Pamoja na hayo, Belgrade haisikiki masikioni mwa wafanyabiashara wa hapa hata robo ya Riyadh inavyosikika. Sababu ni rahisi: hakuna anayekwenda Belgrade kufuata mzigo.

Yapo pia maonyesho ya kilimo cha bustani, ambayo hutambuliwa kwa masharti yake. Doha iliyafanya kuanzia Oktoba 2023 hadi Machi 2024, na Yokohama, Japani, imepanga yake kuanzia Machi 19 hadi Septemba 26, 2027. Wakulima wa maua wa Naivasha na wa Arusha hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mabanda ya pamoja na hesabu zake

Namna nchi za ukanda huu zilivyoshiriki katika maonyesho makubwa imebadilika, na mabadiliko hayo yanafaa kuangaliwa kwa jicho la biashara.

Shanghai mwaka 2010 iliweka rekodi ya wageni milioni 73. China ilitenga dola za Marekani milioni 100 kusaidia nchi zinazoendelea kushiriki, na nchi 42 za Afrika pamoja na Umoja wa Afrika ziliwekwa ndani ya banda moja kubwa. Gharama zilikuwa ndogo, wageni walikuwa wengi, lakini wengi wao walipita mbio kutoka kibanda hadi kibanda wakigonga mihuri kwenye vijitabu vya kumbukumbu vilivyofanana na pasipoti. Nchi ilionekana kwa dakika tatu.

Milan ilikuja na wazo jingine mwaka 2015. Badala ya kupanga nchi kwa bara, iliwapanga wasio na mabanda yao kwa zao. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikakaa pamoja na Ethiopia kwenye kundi la kahawa. Tanzania ilikuwa kwenye viungo, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwenye matunda na kunde. Kwa mtazamo wa mwenye bidhaa, huo ulikuwa mpango wenye akili zaidi kuwahi kutokea, kwa sababu mgeni anayeingia kwenye kundi la kahawa anatafuta kahawa. Lakini ulikuwa na ubaya wake. Tanzania inalima kahawa pia, na kwa kuwekwa kwenye viungo, kahawa ya Kilimanjaro ilibaki upande wa pili wa uwanja.

Dubai ilitaka kila nchi iwe na banda lake, na ikajivunia kuwa na nchi 192. Ziara zilizohesabiwa zilizidi milioni 24. Osaka ikarudi nyuma: nchi zenye uwezo zilijenga zenyewe, nyingine zikapanga majengo yaliyojengwa na mwandaaji, na nyingi za Afrika zikawa kwenye kumbi za pamoja zilizoitwa Commons. Hata hizo zilizojenga zenyewe hazikusalimika. Gharama za ujenzi Japani zilipanda mno, bajeti ya uwanja ikaongezwa hadi yeni bilioni 235 kutoka bilioni 125 za awali, na maonyesho yalipoanza Aprili 2025 wakandarasi wadogo wa Kijapani walikuwa wakilalamika hadharani kwamba hawajalipwa kazi walizofanya kwenye baadhi ya mabanda ya kigeni. Madeni ya namna hiyo hufuata jina la nchi, hata kama aliyeharibu ni kampuni ya kati.

Kwa Riyadh, Saudi Arabia iliahidi wakati wa kampeni zaidi ya dola milioni 300 kwa ajili ya kuzisaidia nchi zipatazo 100. Msaada wa aina hiyo hupokelewa na serikali na hutumika kwa mambo ya banda: ujenzi, samani, usafiri wa maofisa, matengenezo. Mfanyabiashara anayesubiri fungu lake humo atasubiri sana, isipokuwa kama serikali yake imeamua mapema kwamba yeye ni sehemu ya onyesho.

Kamishna ndiye mlango

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye jina la cheo chake halijulikani sokoni. Mkataba unaitaka kila serikali inayoshiriki imteue Kamishna Mkuu wa Sehemu kuiwakilisha mbele ya serikali mwenyeji. Huyo peke yake ndiye anayewajibika kwa mpangilio na uendeshaji wa onyesho la nchi yake. Ndiye anayemjulisha mwenyeji nani yumo ndani ya banda, na ndiye mlinzi wa haki za waonyeshaji aliokuja nao.

Maana yake ni hii. Anayegombana na uongozi wa maonyesho kuhusu meza yake, mzigo uliozuiwa au mgahawa aliokatazwa, hana pa kwenda peke yake. Lazima Kamishna aseme. Kama Kamishna ni mtu aliyeteuliwa miezi miwili kabla ya ufunguzi na hajui forodha wala biashara, waonyeshaji wake watalipa kwa kutojua kwake.

Kamishna pia ndiye mwenye jina. Ndani ya maonyesho, jina la nchi hutumika kwa sehemu iliyo chini ya mamlaka ya serikali ya nchi hiyo, na vitu vya sehemu ya kitaifa vinatakiwa viwe vya nchi husika. Mfanyabiashara hawezi kukodi kona mahali fulani akaandika juu yake jina la Kenya au la Uganda kwa sababu tu anauza bidhaa za huko. Kwa kifungu hicho, vinyago vya Kimakonde kwenye banda la jirani vinaweza kuwa hoja ya kidiplomasia, ingawa Mmakonde mwenyewe ana ndugu pande zote mbili za Mto Ruvuma na wengine Kenya.

Haki hiyo ya jina haikuja bure kwa watu wa ukanda huu. Mwaka 1897, Ubelgiji ilipofanya maonyesho yake, Wakongo 267 walipelekwa Tervuren na kuwekwa watazamwe. Saba walifia huko. Miaka zaidi ya 60 baadaye, Brussels ilipofanya Maonyesho ya Dunia ya 1958, safari hii yakiwa yamekubaliwa kwa mujibu wa mkataba wa Paris, Kongo na Ruanda-Urundi zilionyeshwa na mtawala wao. Kijiji cha Wakongo kikajengwa tena, wageni wakawatupia ndizi, na mafundi hao waliondoka kurudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa. Mkataba haukuwalinda, kwa sababu mkataba unaijua serikali tu, na serikali iliyotambuliwa siku hizo ilikuwa ile ile iliyowaweka pale.

Forodha: kinachoingia bure na kisichoingia

Sehemu ya mkataba yenye faida kubwa kwa mwenye bidhaa ni kiambatisho chake cha forodha. Kinazitaka nchi wenyeji ziruhusu vitu vya maonyesho viingie kwa muda bila ushuru. Hivyo ni pamoja na bidhaa za kuonyeshwa, vifaa vya kujengea na kupambia banda, na vitu vya kuendeshea ofisi ya sehemu. Dhamana ya ushuru hutolewa na nchi inayoshiriki bila kuweka fedha taslimu mezani. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyewahi kufungiwa mtaji wake kwenye dhamana mpakani.

Lakini neno ni "kwa muda". Vitu hivyo vinatakiwa kurudishwa nje baada ya maonyesho kufungwa. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hilo, kwani Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 nayo ina utaratibu wake wa kuingiza mali kwa muda. Kinyago kikiuzwa Riyadh, kimekoma kuwa kitu cha maonyesho. Kimekuwa bidhaa iliyoingizwa nchini, na ushuru wake unadaiwa. Asipolipa mwenye nacho, dhamana inayoguswa ni ya nchi yake.

Vipo visivyotakiwa kurudi. Sampuli ndogo zinazogawiwa bure, vikiwemo vyakula na vinywaji vya kuonja, husamehewa ushuru kama kiasi chake kinalingana na ukubwa wa onyesho. Vipeperushi, kalenda, mabango na orodha za bidhaa vilevile. Vitu vilivyoharibika au vya thamani ndogo vinaweza kuachwa au kuteketezwa chini ya usimamizi wa forodha. Pombe, tumbaku na mafuta ya kuendeshea mitambo havimo kwenye msamaha wa sampuli. Kwa upande wa pombe, sheria za Saudi Arabia zimekwisha kumaliza mjadala, kwa hiyo wenye viwanda vya waragi na konyagi watafute maonyesho mengine.

Chukua mfano wa chama cha ushirika cha kahawa cha Moshi au Mbale. Kikombe cha kuonja anachopewa mgeni bure ni sampuli, na hakina ushuru. Pakiti ya nusu kilo inayouzwa dukani kwenye banda ni biashara: inahitaji ruhusa ya Kamishna, inafuata kanuni za mwandaaji ambaye kwa kawaida hudai sehemu ya mauzo, inafuata kanuni za chakula za nchi mwenyeji, na inalipa ushuru kama inavyopaswa. Ila mnunuzi wa kontena anayeonja kikombe hicho na kuomba anwani hazuiwi na mkataba wowote. Chama kinachokwenda na gunia kumi za kuuza rejareja kimebeba mzigo usio na faida. Chenye sampuli nzuri, bei iliyopigwa hesabu hadi bandari ya Jeddah au Dammam, na mtu anayejua kusoma barua za Kiarabu, kina nafasi.

Biashara kubwa hufanyikia pembeni

Anayedhani kwamba mkataba wa kuelimisha umma unafukuza biashara aitazame Dubai. Februari 2022, wakati wa maonyesho, ujumbe wa Tanzania ukiongozwa na Rais Samia Suluhu Hassan ulikuwa huko na hati kadhaa za makubaliano zikatiwa saini. Moja ilihusu bandari na kampuni ya DP World. Kutoka kwenye hati hiyo ulizaliwa mkataba baina ya serikali uliosainiwa Oktoba 25, 2022 na kuridhiwa na Bunge Juni 10, 2023, baada ya mabishano makali kuliko yote yaliyowahi kuonekana nchini kuhusu uwekezaji kwa miaka mingi. Hakuna shule ya msingi iliyopeleka watoto kutazama hati hiyo bandani. Ilisainiwa huko kwa sababu wakubwa wote walikuwa mji mmoja kwa wakati mmoja.

Hivyo ndivyo maonyesho haya yanavyofanya kazi kwa kweli. Banda ni la umma, na vyumba vya pembeni ni vya biashara. Mkataba unatawala banda tu. Vyumbani huingia wale waliokwisha kujulikana na ujumbe wa serikali, na mfanyabiashara wa kati, mwenye malori matatu au ghala moja, hukuta mlango umefungwa au hata hajui upo wapi. Malalamiko ya upendeleo yanayozuka kila baada ya safari kama hizo yana chanzo hapo.

Nguvu ya mkataba na wanaoudharau

Kuna wanaouliza kama kanuni hizi zina meno. New York ilijaribu. Kwa ajili ya maonyesho ya 1964 na 1965, waandaaji wakiongozwa na Robert Moses walitaka misimu miwili wakati ukomo ulikuwa miezi sita, walitaka kuzitoza nchi kodi ya nafasi, na isitoshe Marekani ilikuwa imekwisha kupewa ya Seattle mwaka 1962 ndani ya muongo huo huo. Moses alikwenda Paris, hakubembeleza, akarudi akiidhihaki BIE magazetini. BIE nayo ikawataka wanachama wasishiriki, kwani mkataba unawazuia wanachama kushiriki au kugharamia maonyesho yasiyokubaliwa. Serikali nyingi kubwa za Ulaya hazikwenda. Maonyesho yalifanyika, watu walijaa, lakini yaliishia na hasara.

Marekani yenyewe ilikuja kuacha kulipa michango na kutoka BIE mwaka 2001, ikarejea 2017. Kanada ilijitoa 2012 kwa kubana matumizi. Nchi tajiri zinaweza kuingia na kutoka. Kwa nchi ndogo, uanachama ni kura, na kura ndiyo bidhaa adimu iliyonayo katika mji ule. Lakini yenye malimbikizo ya michango inaweza kujikuta ukumbini bila haki ya kupiga kura hiyo, na ada isiyolipwa leo hugeuka kuwa nafasi ya mazungumzo iliyopotea kesho yake.

Kura hiyo Afrika imeitumia kuwachagua wengine. Bara hili halijawahi kuwa mwenyeji wa maonyesho hata mamoja kati ya haya makubwa. Lililokaribia zaidi ni jaribio la Tangier, Morocco, kwa ajili ya mwaka 2012: Novemba 2007 ilishindwa na Yeosu ya Korea Kusini kwa kura 63 dhidi ya 77. Kura nane zingehamia upande wa pili, historia ingekuwa nyingine.

Maombi ya maonyesho makubwa yanaruhusiwa kuwasilishwa kuanzia miaka tisa hadi sita kabla ya ufunguzi, na nchi ya kwanza ikishapeleka barua, wengine wana miezi sita tu kujitokeza. Kwa ya mwaka 2035, hesabu ya miaka tisa inaanzia 2026. Wagombea watakapojitokeza, wajumbe wao watapita Nairobi, Dodoma, Kampala, Kigali, Gitega na Kinshasa, kama walivyopita wa Riyadh na wa Busan. Watakuja na ahadi za barabara, mikopo na ufadhili wa wanafunzi.

Vyama vya wafanyabiashara vya ukanda huu, kwa kawaida, husikia habari za ziara hizo siku inayofuata kwenye magazeti. Kabla ya 2030 bado ipo nafasi ya kuuliza mambo machache wizarani kwa maandishi: nani Kamishna Mkuu wa Riyadh, ameteuliwa lini, banda litakuwa la peke yake au la pamoja, mada ya nchi ni ipi, na orodha ya waonyeshaji itafungwa mwezi gani. Kwa upande wa Belgrade na Yokohama, ambako milango inafunguliwa 2027, maswali hayo hayo yana muda mfupi zaidi, na mzigo wa meli kutoka Mombasa au Dar es Salaam huhitaji wiki kadhaa kufika.